Filimbi ya Saa Kumi na Moja

Ndugu msomaji, kama ulisoma shule ya msingi katika nchi hii, basi ulikimbia. Hilo halina ubishi. Iwe Iringa, iwe Mbeya, iwe Tunduma kule mpakani, ulidamka kukiwa bado giza, ukashika fagio au kidumu cha maji, ukafika shuleni miguu imepauka kwa baridi, na filimbi ilipolia ukaingia mstarini. Mbele yenu alikuwepo kiranja mwenye sauti kubwa. Yeye anaanzisha wimbo, ninyi mnaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja mpaka vumbi linapanda. Huo ndio mchakamchaka.

Sasa swali langu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni hili: mara yako ya mwisho kukimbia ilikuwa lini? Usijibu haraka. Kumkimbilia konda wa daladala pale Mwanjelwa hakuhesabiki.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na nikaacha kukimbia wiki hiyo hiyo. Wala sikuamua kuacha. Asubuhi ya kwanza nililala mpaka saa mbili, ya pili vilevile, basi mambo yakaishia hapo. Miaka 7 ya shule ya msingi na 4 ya sekondari, jumla miaka 11 ya kudamka, ikapotea kama umande. Miezi michache baadaye nilipanda kilima cha kutoka Ipogolo kwenda mjini nikiwa na gunia dogo la viazi begani, nikasimama katikati nikihema kama mbuzi aliyekimbizwa na mbwa. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni akanipita, akanisalimu "kamwene" kwa upole, akaendelea. Nilikuwa na umri wa miaka 18.

Waswahili wanasema mazoea yana taabu. Mbona haya ya kwangu hayakuwa na taabu hata kidogo kuyaacha? Jambo ambalo mtu amelifanya kila asubuhi kwa miaka 11 linawezaje kufa kwa wiki moja? Nimelitafuta jibu katika historia, kwanza kwa kuwa ndilo somo pekee nililofaulu vizuri, na pili kwa sababu ya baba yangu. Ya baba nitayafikia.

Miguu ya babu zetu

Tuanzie nyumbani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, si mbali na mji wa Iringa wa leo, wapiganaji wa Kihehe walijificha wakikisubiri kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kwa muda mfupi tu kikosi kile kilikwisha. Zelewski mwenyewe aliuawa, na pamoja naye askari zaidi ya 200. Vitabu vya shule vinatueleza sana juu ya ushujaa na mikuki. Juu ya miguu havisemi kitu. Lakini jeshi lile halikuwa na gari wala reli. Kila mkuki uliofika Lugalo ulifika kwa miguu ya mtu, na mtu huyo alitakiwa bado awe na pumzi ya kupigana.

Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Mtwa Mkwawa akaponyoka. Kwa karibu miaka minne walimsaka milimani na mabondeni, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, na ukienda pale kwenye makumbusho utalikuta. Mimi nilipolitazama nilifikiria mambo ya ajabu kidogo. Nilifikiria ile miaka minne ya kutolala pamoja na kichwa hicho: leo kilima hiki, kesho mto ule. Mchakamchaka wa miaka minne, bwana, bila filimbi.

Hakuna mtu wa enzi zile aliyehitaji kuambiwa afanye mazoezi. Maisha yenyewe yalikuwa mazoezi, na hayakuwa ya raha. Baada ya vita miguu ile ile ikachukuliwa na kazi nyingine. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilipopamba moto katika miaka ya 1930, maelfu ya vibarua walikwenda kuichimba, na mji wa Mbeya ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Bibi yangu alikuwa akisimulia kuwa baba yake alitoka upande wa Njombe mpaka Chunya kwa miguu, unga wake kichwani, na alipofika alipewa sururu siku hiyo hiyo. Ungemwambia mzee yule kwamba vitukuu vyake watahitaji daktari awashauri kutembea nusu saa, angedhani umelewa ulanzi.

Kuna kisa kingine ambacho wengi hatukufundishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walifungua shule pale Malangali, ambayo leo ipo wilaya ya Mufindi. Mkuu wake, W. B. Mumford, alikuwa na wazo lake: vijana wasome, lakini pia wafundishwe mambo ya kwao kama ngoma na kurusha mkuki. Hebu tafakari kidogo, ndugu msomaji. Miaka 30 tu nyuma mkuki ulikuwa silaha ya kumzuia Mzungu. Sasa umekuwa kipindi cha michezo, na Mzungu ndiye anayepanga saa ya kuurusha. Jaribio lile halikudumu. Ila mimi naliona kama kizingiti: hapo kijana wa nyanda zetu anaingia katika zama za kutumia mwili wake kwa ratiba iliyoandikwa na mtu mwingine.

Afande na kuruta

Uhuru ulipokuja, ratiba ilibadili mwenyewe. Tarehe 10 Julai 1963 lilianzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana walikusanywa kutoka makabila yote, wakalala bweni moja, wakala sahani moja, wakalima, na alfajiri wakakimbia wakiimba. Katika nyanda zetu kambi zilizo maarufu ni Mafinga kwa upande wa Iringa na Itende kwa upande wa Mbeya. Ukiwa na mjomba au shangazi aliyemaliza kidato cha sita miaka ya sabini au themanini, mguse kidogo tu juu ya JKT, utaona anavyonyooka mgongo. Atakuimbia. Atakuambia ukuruta ulikuwaje na afande wake alikuwa na sauti gani.

Lakini si wote waliokwenda kwa furaha. Mwaka 1966 ilipowekwa sheria ya kuwataka wahitimu wa sekondari na vyuo waende JKT, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana tarehe 22 Oktoba mpaka Ikulu. Walilalamikia masharti, hasa kukatwa sehemu kubwa ya malipo yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 akawarudisha makwao. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kitu tunachokisahau tunapoimba nyimbo za zamani kwa mapenzi: tangu mwanzo palikuwa na amri ndani ya mbio zile.

Mwaka uliofuata lilikuja Azimio la Arusha, na nchi nzima ikaanza kutembea. Vijana walitoka mikoani kwa miguu kuliunga mkono. Mwalimu mwenyewe, Oktoba 1967, alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200. Mwaka huo huo ikatoka Elimu ya Kujitegemea, shule zikawa na mashamba, na jembe na kengele vikawa ndugu. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nyimbo za askari zikaingia mpaka kwenye mchakamchaka wa watoto. Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka 20 baada ya vita ile, na bado nilikimbia nikimuimba Idi Amin bila kujua ni mtu gani. Nilidhani ni mwizi wa ng'ombe wa kijiji jirani.

Mbio za kijeshi zilizaa pia watu wakubwa. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alishika uongozi tangu mwanzo wa mita 1500 na hakuuachia, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32 na kidogo. Juma Ikangaa naye alikuwa mwanajeshi. Huyu ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu ya kushindwa kwake. Mwaka 1988 alikuwa wa pili Boston, nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde 1 tu. Mwaka 1989 akarudi Boston, wa pili. Mwaka 1990 akarudi tena, wa pili. Katikati ya hapo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mtu wa namna hiyo hasukumwi na filimbi ya afande. Afande alimwamsha asubuhi za mwanzo. Asubuhi zilizobaki aliamka mwenyewe.

Na hapa ndipo tofauti ilipo kati ya Ikangaa na mimi.

Filimbi ilipokaa kimya

Mwaka 1994 JKT kwa mujibu wa sheria ilisitishwa. Ilikuja kurudishwa mwaka 2013. Kwa karibu miaka 20 wahitimu wa kidato cha sita walitoka shuleni moja kwa moja kwenda vyuoni au kijiweni. Katika kipindi hicho hicho maisha ya mjini yalibadilika. Daladala zikaongezeka, halafu zikaja bajaji na bodaboda. Siku hizi kutoka Kihesa kwenda sokoni Iringa mtu anaona ni mbali. Kutoka Soweto kwenda Kabwe pale Mbeya, anapunga mkono, bodaboda inasimama. Na kitambi bado tunakiheshimu. Mtu akirudi kutoka Dar es Salaam amenenepa, majirani wanasema mambo yamemnyookea. Akirudi amekonda, wanauliza kwa sauti ya chini anaumwa nini.

Mwili lakini hauheshimu mawazo ya majirani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha. Serikali iliona hatari hiyo. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Ni jambo jema. Lakini tuwe wakweli: mara moja kwa mwezi ni sherehe, si desturi. Anayepiga mswaki Jumamosi ya pili ya mwezi hatusemi ana desturi ya kupiga mswaki.

Katika historia yetu kuna kampeni moja ya afya iliyofanya kazi kwa namna nyingine. Mwaka 1973 palikuwa na Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakakaa kila wiki mbele ya redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana juu ya malaria, maji na vyoo, halafu wakainuka wakaenda kuchimba vyoo vyenyewe. Haikuwa kampeni ya mazoezi. Ninachokipenda ni kile kikundi. Usipokuja Jumanne, Jumatano jirani anakuuliza ulikuwa wapi. Hana fimbo wala cheo, ana macho tu. Na macho ya jirani, wewe mwenyewe unayajua.

Konda wa London

Nataka tutoke nje ya nchi kidogo, twende London, halafu tutarudi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili daktari mmoja, Jeremy Morris, alitaka kujua kwa nini watu wengi wanakufa kwa maradhi ya moyo. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na watu wawili, dereva na konda. Walitoka katika mitaa ile ile na walifanya kazi katika gari moja. Dereva alikaa kutwa. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi, ngazi 500 mpaka 750 kwa siku, akikatisha tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makonda walipata maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo sana kuliko madereva, na vifo vyao vilikuwa nusu hivi. Morris mwenyewe aliyatendea kazi aliyoyagundua, akaishi mpaka mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Niliposoma habari hii nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Mbeya, nikimsaidia kuuza duka. Nikaanza kuwatazama makonda wetu pale Mafiati kwa heshima mpya. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba konda yule wa London hakuwa na nia ya kufanya mazoezi. Hakujiwekea malengo ya Januari. Ngazi zilikuwa njiani mwake, basi akazipanda. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu wa Chunya. Kumbe mazoezi yanayodumu si yale tunayoyafanya kwa ushujaa. Ni yale yaliyokaa njiani, yasiyokwepeka.

Mbeya hiyo hiyo nikaona jambo la pili. Jumamosi moja alfajiri, ukungu umefunika hata mlima Loleza, nikasikia kwa mbali nyimbo za mchakamchaka. Nikadhani naota niko shuleni. Nikafungua mlango: watu kama 30, wengine wazee, wamevaa fulana za rangi moja, wanakimbia polepole kando ya barabara kuu kuelekea Uyole. Klabu ya jogingi. Mmoja wao nilimfahamu, mama anayeuza mchele sokoni, mnene wa haja, wa mwisho mstarini lakini anaitikia kuliko wote. Siku ya Jumatatu nilimuuliza.

"Shikamoo mama. Nilikuona juzi. Mbona nyimbo ni zile zile walizotukimbiza nazo shuleni?"

"Marahaba mwanangu. Nyimbo ni zile zile," akasema huku anapima mchele. "Ila siku hizi hakuna wa kunichapa nisipokwenda. Ndiyo maana nakwenda."

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Kumbe miaka 11 ile sikuwa na desturi ya kukimbia. Nilikuwa na desturi ya kuitikia filimbi. Filimbi ilipokaa kimya, miguu haikujua ianzie wapi.

Daraja la Ruaha Ndogo

Sasa ya baba.

Baba yangu alikuwa kuruta mwaka 1987. Baadaye akawa karani wa ghala, kazi ya kukaa, kalamu sikioni. Mwaka 2023 alipata kiharusi. Alinusurika, ila mguu wa kushoto ukabaki unaburuta na mkono ukawa dhaifu. Daktari akampa dawa za presha na akamwambia atembee kila siku, nusu saa, taratibu. Mama akanipigia simu nirudi Ipogolo.

Nilimkuta baba amekaa kwenye kiti barazani. Hatembei. Nikamkumbusha maneno ya daktari.

"Mimi nilishakimbia," akasema. "Mwaka 1987 nilikimbia ya kwangu, na ya kwako nikakukimbilia. Niache nipumzike."

Ukweli ni kwamba nami sikuwa na haki ya kumsema. Januari ile nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani: kuamka saa 11 alfajiri, kukimbia kilomita 5, kisha kurasa mbili za riwaya kabla ya chai. Riwaya hiyo nilikuwa nayo kwa miaka mitatu na ilikuwa imekwama sura ya tatu. Siku ya kwanza nilikimbia mpaka nikatapika. Siku ya sita sikuamka. Siku ya saba niliigeuza karatasi ikaangalia ukuta. Yaani nilijifanya afande na kuruta kwa wakati mmoja, na kuruta akatoroka kambini.

Basi bwana, siku moja sokoni Iringa niliona filimbi inauzwa, nikainunua kwa mzaha. Kesho yake saa 11 nikasimama nje ya dirisha la baba, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Mbwa wa mtaa mzima walibweka. Nikasikia kitanda kinalia, halafu kimya, halafu mlango. Baba akatoka na blanketi begani, macho mekundu, akanitazama kwa muda. Nikajua nimekwisha. Kisha akanyoosha mgongo kadiri ulivyokubali, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu: "Kuruta! Nani kakupa ruhusa ya kushika filimbi?"

Tukacheka mpaka mama akatoka. Asubuhi ile tulitembea mpaka kwenye daraja la Ruaha Ndogo na kurudi, pole pole, yeye na fimbo yake, mimi nyuma yake. Tukaweka masharti. Atakayeamka kwanza ndiye mwenye filimbi. Mwendo ni wake, si wangu. Mwisho wa safari ni darajani, hakuna kuongeza kwa sifa. Filimbi yenyewe haikudumu. Siku ya nne jirani alikuja, akasalimia vizuri kwa Kihehe, kisha akasema kwamba baba anamheshimu, ila filimbi hapana. Tangu hapo baba anagonga ukuta wangu kwa fimbo ya kutembelea. Mara tatu.

Yapo yaliyotaka kutuvunja. Mwezi Machi mvua zilinyesha bila huruma, njia ikawa tope tupu, na kwa mguu ule ilikuwa hatari. Tulikosa siku 9 mfululizo. Nilidhani tumekufa kama nilivyokufa Januari. Kilichonisaidia ni utafiti mmoja uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2009, ulioongozwa na Phillippa Lally. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, wakafuatwa ili ionekane ni lini jambo lingeanza kujifanya lenyewe. Kwa wastani ilichukua siku 66, si zile 21 tunazotajiwa kila mahali. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo ambao ingewachukua mpaka siku 254. Na kukosa siku moja moja hakukuharibu kazi. Nilimsomea baba. Akauliza, "Hao siku 254 walikuwa na kiharusi?" Nikasema sidhani. Akasema, "Basi sisi tuna haki ya kuchelewa." Mvua ilipokatika alinigongea ukuta.

Sikudanganyi kwamba baba amepona. Dawa anameza kila siku na mguu bado unaburuta, kiatu cha kushoto kinalika soli upande mmoja. Lakini presha ambayo ilikuwa inapanda ovyo imetulia, na mwezi uliopita tulivuka daraja tukaanza kukipanda kilima, mpaka kwenye mkaratusi wa kwanza. Mama anasema amerudi kuwa mbishi, na kwa mama hiyo ni dalili ya afya.

Na mimi je? Tukirudi naweka maji ya chai jikoni, na wakati maji yanachemka naandika. Siandiki kurasa mbili. Naandika mpaka maji yachemke. Siku nyingine ni mistari minne tu. Riwaya iko sura ya saba.

Vijana wenzangu, hasa ninyi mnaotaka kuandika, nimewaletea historia hii ndefu kwa jambo moja. Miguu yetu imetumiwa na watu wengi: watawala, wakoloni, taifa, walimu. Wengine walikuwa na sababu nzuri, wengine hawakuwa nazo. Kila sababu ilipokwisha, mbio zikaisha. Sasa hakuna anayetukimbiza. Usingoje umri wa baba yangu ndipo ujiulize filimbi yako iko wapi. Tafuta saa moja isiyobadilika, njia fupi isiyokutisha, na mtu mmoja atakayekuuliza jana ulikuwa wapi. Ukianguka siku 9, amka ya 10.

Leo asubuhi nilisikia fimbo ukutani nikajifanya sikusikia. Baridi ilikuwa kali na nilikuwa nimelala usiku sana. Mara tatu, kimya. Nikangoja agonge tena. Hakugonga. Nikasikia lango linafunguliwa, halafu mwendo wake ule ninaoufahamu, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta, unashuka kuelekea mtoni. Alikuwa ameondoka peke yake.

Nikavaa viatu nikamfuata mbio.